Nusu ng'ombe anaingia Jumanne: mgahawa wa chakula cha Kiingereza London unavyonunua kwa mkulima

#1 MpishiMbondei (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama Waingereza wana chakula chao zaidi ya samaki na chipsi. Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora nilifungulie uzi.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. London niko mwaka wa 11 sasa. Nilianza kwa kuosha vyombo, leo nasimamia nyama kwenye mgahawa mmoja katikati ya jiji unaopika chakula cha Kiingereza kwa vitu vinavyolimwa, kufugwa na kuvuliwa humuhumu Uingereza, vingi vyake mwendo wa saa mbili tatu kwa gari kutoka jikoni kwetu. Jina silitaji, sijaomba ruhusa ya wenyewe.

Siku yangu kubwa ni Jumanne. Kila baada ya wiki mbili gari linatuletea nusu ng'ombe, na katikati hapo nguruwe mzima au kondoo wawili. Ng'ombe wa asili ya huku, tuseme Hereford au Longhorn, akishachunwa na kutolewa kichwa na matumbo hubaki na kilo 300 na kitu. Katika mzigo wote huo, sarara ile laini ambayo kila mteja anaitaka ni vipande viwili tu, kila kimoja kama kilo 3 au pungufu. Na sisi tumeletewa nusu, kwa hiyo tuna kipande kimoja.

Sasa piga hesabu. Mgahawa unaouza sarara mchana na usiku mwaka mzima, halafu ukutani umebandika picha ya mkulima mmoja na ng'ombe wake 40, hao ng'ombe wanatosha wapi? Hawatoshi. Lazima kuna maboksi ya sarara tupu yanatoka kwa mfanyabiashara mkubwa, na zile kilo mia tatu zilizobaki zinakwenda kusikojulikana. Ndiyo maana nikiingia mgahawa wowote unaojitangaza kwamba unajali ardhi na wakulima, sisomi maelezo ya juu ya menyu. Naangalia kama kuna muundi, shingo, ulimi, moyo. Nikikosa vyote, nishaelewa.

Kwetu sarara inauzwa siku mbili, ikiisha inafutwa ubaoni. Kinachofuata ndicho kazi yenyewe. Kidari kinalowekwa maji ya chumvi siku kadhaa, kisha kinachemshwa moto mdogo mpaka uma unapita wenyewe. Shingo na muundi vinapikwa kwa bia nyeusi karibu nusu siku, vinakuwa pai. Ulimi unachemshwa, unamenywa ungali moto, unakatwa vipande vyembamba na kuliwa na haradali. Moyo unakatwa kama karatasi nene na kubabuliwa haraka kwenye chuma kilichoiva moto, ukichelewa dakika moja umekuwa raba. Mafuta magumu yanayozunguka figo tunayakwangua na kuyachanganya na unga wa ngano, unapata kinyunya cha kufunika nyama na figo, halafu bakuli zima linapikwa kwa mvuke. Hiyo ndiyo pudini ya Kiingereza ya zamani, na siku ya baridi kali sijui chakula kinachoishinda. Mkia ni supu. Mifupa ya miguu tunaikata kwa msumeno tupate uboho.

Nikishataja uboho siwezi kuruka St. JOHN. Mwaka 1994 Fergus Henderson na wenzake walifungua mgahawa huo kwenye jengo lililokuwa la kukaushia nyama ya nguruwe kwa moshi, hatua chache kutoka soko la nyama la Smithfield. Jumba la soko lilifunguliwa 1868, lakini biashara ya mifugo na nyama mahali pale ina zaidi ya miaka 800. Henderson alisomea usanifu wa majengo, hakupita chuo cha upishi. Akapaka kuta nyeupe, akaacha mapambo, akaacha muziki, akaanza kuuza sehemu za mnyama ambazo migahawa mikubwa ya London ya wakati ule ilikuwa imezisahau. Chakula kilichompa jina ni mifupa ya uboho iliyochomwa kwenye oveni, inaletwa na majani ya parsley, mkate na chumvi. Unachokoa uboho, unaupaka kwenye mkate, unatupia chumvi na majani juu. Basi. Mwaka 2009 Michelin, wale wa kitabu cha kupima migahawa, wakawapa nyota.

Nilipokula pale mara ya kwanza nilinyamaza kabisa. Bibi yangu Muheza alikuwa anagonga mfupa kwenye jiwe la mafiga na kunidondoshea uboho kwenye kipande cha muhogo. Nilikaa Ulaya miaka minne nikiamini ule ni ulaji wa umaskini wetu, kumbe hata wenzetu walikula hivyo, wakaacha, na sasa wanaufuata upya.

Kwa nini waliacha? Nimewauliza sana wazee wa huku, na jibu linaanzia kwenye vita. Chakula cha mgao kilianza Januari 1940 na nyama haikuachiwa mpaka Julai 1954. Miaka 14! Mtoto aliyezaliwa vita inaanza alifika darasani akiwa hajawahi kuona bucha iliyojaa. Maziwa serikali iliyaelekeza kwenye jibini moja gumu la kusafirika, na mafundi wa jibini za vijijini, waliokuwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 20, walipotea karibu wote. Watu kama Randolph Hodgson wa duka la Neal's Yard Dairy, lililoanza Covent Garden 1979, walilazimika kuzunguka mashamba kutafuta waliobaki mmoja mmoja. Jibini ya Lancashire tunayoweka mezani leo tunaila kwa sababu kuna familia chache hazikukata tamaa.

Halafu yakaja yale ya ng'ombe. Machi 1996 serikali ilikiri kwamba kichaa cha ng'ombe huenda kinahusiana na ugonjwa unaoua binadamu, na Ulaya nzima ikafunga mlango kwa nyama ya Uingereza. Ng'ombe, mla majani, alikuwa akilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzake. Mwaka 2001 ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa, mashamba yakawa na matanuru ya moto usiku. Mwaka 2013 nyama ya farasi ikakutwa ndani ya vyakula vilivyoandikwa ni vya ng'ombe. Mtu aliyepitia hayo yote akikuuliza "huyu mnyama katoka kwa nani?" haulizi kwa mbwembwe.

Na mimi nina sababu yangu. Mgahawa wangu wa kwanza kufanya kazi hapa ulijiandika kwenye menyu kuwa kondoo wake ni wa bonde fulani la Wales. Mimi ndiye niliyekuwa napokea mzigo mlango wa nyuma. Kondoo walikuwa wanafika kwenye maboksi, wamegandishwa, na boksi limeandikwa New Zealand. Nilikuwa mgeni, sina kauli, nikanyamaza miezi minane. Mpaka leo linaniuma, maana wahudumu walikuwa wanawaambia wateja kwa nia njema kabisa, wakiamini.

Swali langu kwa wadau: nyie mlioko huku na kule nyumbani, chakula "cha hapahapa" mnakipimaje?

#2 Bint_Mvita

Shukrani kaka kwa uzi mzuri. Mimi niko Leicester, mzaliwa wa Mombasa. Nimesoma hadi mwisho, ila nina dukuduku. Kila nikiangalia menyu za migahawa hii naona nguruwe, bia ndani ya mchuzi, mvinyo ndani ya sosi, mafuta ya nguruwe ndani ya unga wa pai. Sisi Waislamu tunaingilia mlango gani? Ama chakula cha Kiingereza cha kweli hakituhusu?

Na huo muundi, shingo na ulimi, mbona mabucha yetu ya halali hayajawahi kuacha kuuza? Mamangu akija huku anashangaa kusikia Waingereza "wamegundua" mkia wa ng'ombe.

#3 MpishiMbondei

Dada, sehemu ya pili ya maneno yako ni kweli tupu, na inatakiwa isemwe kwa sauti. Mwaka 2004 Charles, ambaye sasa ni mfalme, alianzisha kampeni ya kurudisha nyama ya kondoo mkubwa, yule aliyevuka miaka miwili, kwa sababu Waingereza walikuwa wamebaki na mwanakondoo tu. Lakini nenda East London au Leicester kwenu, kondoo mkubwa hakuwahi kutoka buchani. Wasomali, Wapakistani, Wabangladeshi na watu wa pwani yetu walikuwa wanamnunua wiki zote. Mfugaji wa milimani, mwenye jike aliyezeeka asiyezaa tena, kuna miaka mnunuzi wake wa uhakika alikuwa ni Mwislamu wa mjini. Mchango huo siuoni ukiandikwa kwenye menyu yoyote.

Sehemu ya kwanza nitakuambia ukweli bila kukupaka mafuta. Nyama yetu siyo ya halali, na pai zetu karibu zote zina bia. Kilichobaki ni samaki na mboga, na hapo huna haja ya kuhisi umepewa makombo. Pwani ya kusini inatuletea kaa, vibua, na chaza wa asili ambao huliwa miezi ya baridi, Septemba hadi Aprili. Vibua wabichi waliobabuliwa na kuwekewa zambarau kali za huku zilizochemshwa, hiyo nakuhakikishia ungeielewa mara moja, ni kama samaki wa kupaka na ukwaju. Jibini uliza kwanza, nyingine zinagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama na nyingine kwa cha mimea.

#4 Mkulima_Mwea

Habari zenu. Nimesoma nikiwa shambani, Kirinyaga. Naomba niwe mkweli, maana neno hili "local" limetuletea taabu.

Mimi nalima mishiri, yale maharagwe mabichi membamba. Tunachuma alfajiri kabla jua halijapanda, tunachagua kwa unene na urefu, gari la baridi linachukua, usiku iko kwenye ndege Nairobi, na kesho yake iko dukani Uingereza. Nimesomesha watoto watatu kwa mishiri.

Mwaka 2007 maduka ya Tesco na Marks & Spencer yalianza kubandika picha ya ndege kwenye pakiti za mboga zinazosafirishwa kwa ndege. Mwaka huohuo Soil Association, wale wanaotoa cheti cha kilimo hai, wakaanza kujadili kama wanyime cheti chochote kinachopanda ndege. Hapa kwetu watu walikosa usingizi. Mwisho hawakupiga marufuku, walisema waweke masharti ya haki kwa mkulima, lakini hofu ilibaki. Sisi tunalima kwa jua la Mungu, kwa jembe na mikono, hatuna kibanda cha vioo kinachopashwa moto kwa gesi. Chuo Kikuu cha Cranfield kilifanya hesabu ya maua ya waridi mwaka huo huo 2007, kikakuta waridi la Kenya, pamoja na safari ya ndege, lilikuwa na hewa chafu kidogo sana kuliko la Uholanzi la kwenye vibanda vya joto.

Kwa hiyo mpishi, ukisema mgahawa wako unanunua kwa jirani tu, mimi nimekukosea nini?

Na kuna jambo jingine linaniumiza kuliko ndege. Mshiri ukipinda, kampuni inaukataa. Kuna wiki nimerudishiwa karibu nusu ya mzigo, haujaoza, haujaumwa na mdudu, umepinda tu. Unaishia kwa ng'ombe.

#5 Nyasa77

Naunga mkono mkulima na naongeza data. Utafiti wa Joseph Poore wa Oxford na Thomas Nemecek, uliochapishwa 2018, ulikusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Usafiri ni sehemu ndogo ya hewa chafu itokanayo na chakula, kama 6% hivi. Kikubwa ni kile unachokula chenyewe. Ng'ombe na kondoo wanatoa gesi ya methani tumboni, na wanahitaji ardhi kubwa. Nyama ya ng'ombe aliyefugwa kilomita 50 kutoka London bado ina mzigo mkubwa kuliko dengu zilizotoka Kanada kwa meli. Ndege ni hadithi tofauti kidogo, kwa kilo moja inachafua sana, lakini chakula kinachopanda ndege ni kidogo mno duniani.

Mleta uzi, kwa heshima, mgahawa unaouza kidari, ulimi na pai ya nyama unajiitaje rafiki wa mazingira?

#6 MpishiMbondei

Nimechelewa kujibu, nilikuwa zamu mbili mfululizo, na pia nilitaka nifikiri kwanza.

Mzee wa Mwea, naanza na wewe. Hujanikosea chochote. Uingereza yenyewe inazalisha kama 60% tu ya chakula inachokula, na kwenye matunda ni mbali zaidi na kujitosheleza. Nchi hii haiwezi kuishi kwa majirani peke yake. Kuna mpishi anaitwa Oliver Rowe alijaribu, mwaka 2006, mgahawa wa Konstam pale King's Cross, akataka karibu kila kitu kitoke eneo linalofikiwa na treni za chini ya ardhi za London. Ilikuwa kazi ya kishujaa na ilitufundisha wengi, ila mgahawa haupo tena. Sisi wenyewe chai yetu ni ya Kericho, pilipili manga na limau vinatoka ng'ambo. Sukari tunatumia ya kiazi sukari kinacholimwa mashariki mwa Uingereza, lakini kakao hatuna pa kuilima.

Mishiri kwetu iko mezani Julai mpaka Septemba inapoiva huku. Januari hatuiweki, kwa sababu Januari tuna vitu vyake: liki, kabichi, keli ambayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, na rubabi. Rubabi ya Yorkshire ningependa muione. Ni mabua mekundu yenye ukali kama bungo bichi. Wanaing'oa ikishapigwa na baridi shambani, wanaiingiza kwenye mabanda yasiyo na mwanga hata chembe, na wachumaji wanaingia na mishumaa tu ili isipate mwanga mkali. Ukinyamaza banda zima unasikia mabua yanavyopasuka yakikua. Nilipelekwa mara moja upande wa Wakefield na ule mlio sijausahau.

Lakini mwezi wa nne ndio unaomjaribu mpishi. Mboga za baridi zimeisha, za kiangazi hazijatoka. Wakulima wa huku wana jina la kipindi hicho, ukilitafsiri ni mwanya wa njaa. Nani kwetu asiyekijua kile kipindi cha mvua shamba liko kijani kibichi na ghala tupu? Tunaokota saumu pori msituni, tunamalizia viazi na karoti za stoo, tunasubiri asparagasi ambayo kwa desturi huanza 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, na kwisha Juni. Wiki mbili kabla ya hapo menyu yetu ni fupi mno na wateja wengine wanalalamika. Hapo ndipo wengi huagiza kwa ndege kimyakimya na kuacha maneno ya juu ya menyu kama yalivyo.

Sasa hilo la mshiri kupinda. Nimelisoma mara tatu. Mzee wangu, mshiri ulionyooka ndiyo sarara yako. Duka linataka kipande kimoja kizuri cha kazi yako, linalipia hicho, na hasara ya kilichobaki linakuachia wewe. Mfugaji wa Suffolk anayetuletea ng'ombe alinieleza hayohayo kwa maneno yake: kabla yetu aliyekuwa akinunua kwake alichukua migongo na mapaja tu, yeye akabaki anahangaika na vidari. Kilomita siyo jambo analolilalamikia. Ningeambiwa nichague kati ya mfanyabiashara wa hapa London anayechukua sarara tupu na mtu anayenunua shamba lako zima la mishiri, iliyonyooka na iliyopinda, na kukulipa kwa wakati, huyo wa pili ndiye niliye upande wake hata kama mzigo umepanda ndege. Jirani ana faida moja ambayo siwezi kuidharau: naweza kwenda Jumatatu nikamtazama usoni na kuona zizi lake. Nikimdanganya, au akinidanganya, haifiki wiki.

Nyasa77, data zako nazikubali, na hazinifurahishi mimi mkata nyama. Jibu langu ni pungufu, nakubali, ila ndilo nililonalo. Tunauza nyama kidogo kuliko zamani. Sahani ya kidari leo ina gramu 150, nilipoanza ilikuwa 250, na mboga zimejaa palipobaki. Tunachukua pia ng'ombe wa maziwa aliyemaliza uzao wake, ambaye methani yake ilishalipia maziwa miaka sita saba. Na ukimla mnyama mmoja mpaka mkia, hulazimiki kumchinja wa pili kwa ajili ya sarara. Kuhusu kutupa: shirika la WRAP lilikadiria kuwa mwaka 2018 sekta nzima ya hoteli, migahawa na huduma za chakula Uingereza ilitupa chakula kama tani milioni 1.1. Doug McMaster alifungua Silo pale Brighton 2014, akahamia Hackney Wick 2019, mgahawa usio na pipa la taka. Alikuwa anasaga ngano mwenyewe, anatengeneza siagi mwenyewe, na wauzaji walileta mizigo kwenye vyombo vinavyorudi. Sisi hatujafika huko. Pipa tunalo, na kila usiku tunapima uzito wake na kuandika ukutani.

#7 MamaKibibi_Leeds

Kijana wangu, umeandika kwa moyo na nimekuelewa. Lakini sahani moja hapo kwenu ni bei gani? Mimi ni mlezi wa wazee, na wazee ninaowalea ndio walikula hizo pudini na maini utotoni. Mmoja ana miaka 91, ananiambia mama yake alikuwa anampikia kichwa cha kondoo kila Alhamisi. Leo hana uwezo wa kuingia mgahawa unaouza kichwa hicho.

#8 MpishiMbondei

Shikamoo mama.

Sahani kubwa ni pauni 28. Sitaficha. Ukiondoa mshahara wa watu wanaokaa saa sita na muundi mmoja, pango la jengo, na bei ya mkulima, kinachobaki ni kidogo, lakini najua maelezo hayo hayamshibishi mtu. Chakula cha mnyonge kimepanda ngazi na mnyonge amebaki chini. Hilo linanisumbua na sina dawa yake.

Ninachoweza kusema ni sababu moja iliyo nje ya jiko. Machinjio madogo yamekufa. Miaka ya 1970 machinjio yote nchini, makubwa kwa madogo, yalikuwa zaidi ya 1,000, leo hayafiki 300. Mfugaji wetu anaendesha gari saa nzima na nusu kupeleka ng'ombe wawili, na machinjio makubwa mengi hayataki kumrudishia utumbo, ini na kichwa cha ng'ombe wake mwenyewe. Kila kilomita na kila usumbufu unaingia kwenye bei. Kijijini kungekuwa na machinjio kama zamani, bucha ya kawaida ya Leeds ingeweza kukuuzia kichwa kwa bei ya mkate. Mama, huyo mzee wa miaka 91, kama anakumbuka mama yake alivyokipika, naomba umwulize uniandikie. Nauliza kwa dhati.

#9 Kijana_wa_Msimu

Wakuu mimi sitaandika sana. Nilikuja Uingereza kwa viza ya msimu, miezi 6, kuchuma stroberi. Matunda tuliyochuma yalikuwa na bendera ya Uingereza kwenye pakiti na yaliuzwa kama ya jirani. Ni kweli yalikuwa ya jirani. Sisi ndio tulikuwa wa mbali. Tulilala watu sita kwenye karavani moja, inakatwa kwenye mshahara, na ukikosa kufikisha kilo unazopangiwa unapumzishwa kesho yake bila malipo. Shamba silitaji. Mpishi, huyo mkulima wako unamwuliza kuhusu ng'ombe. Je, unamwuliza kuhusu wachumaji?

#10 MpishiMbondei

Kaka, pole sana. Na jibu la swali lako ni hapana. Ng'ombe nimeuliza, samaki nimeuliza wamevuliwa kwa ndoano au kwa wavu, ngano nimeuliza. Wanaochuma matunda yetu ya kiangazi sijawahi kuuliza hata siku moja, na mimi ndiye niliyepokea kondoo wa uongo mlango wa nyuma. Nimemwonyesha mpishi mkuu ulichoandika. Tuna mashamba mawili ya matunda, Kent na Herefordshire. Tumekubaliana niende mwenyewe kabla oda ya Juni haijafungwa, na niende wiki ya kazi, nione wanapolala. Nitaleta mrejesho hapa.

#11 Mkulima_Mwea

Nashukuru kwa jibu lako, mpishi. Ile ya mshiri na sarara nimewasomea wenzangu kwenye kikao cha kikundi jana. Mmoja akauliza kama ile iliyopinda haiwezi kukatwakatwa na kugandishwa hapahapa, ikaenda kwa meli badala ya ndege. Tumeanza kutafuta bei ya mashine.

#12 Bint_Mvita

Kaka nimerudi na habari. Ijumaa nilipita kwa mchinjaji wetu wa halali hapa Leicester, nikamwuliza mifupa ya uboho anaipeleka wapi. Akaniambia wengi hawaitaki, wateja vijana wanataka kuku wa vipande tu. Amenipa mifupa minne bure na ulimi kwa pauni 6. Kondoo wake wanatoka shamba la hapahapa Leicestershire, kanitajia na mfugaji.

Mifupa nimechoma kama ulivyoeleza, parsley sikuwa nayo nikaweka dania na kitunguu na ndimu, na badala ya mkate nikatoa chapati. Wanangu wamegombania. Ulimi uko kwenye friji, naogopa kuuanza. Unachemshwa muda gani, na ngozi inatoka vipi?

#13 MpishiMbondei

Dania na ndimu ni sawasawa kabisa, hata bora, ukali unakata mafuta.

Ulimi: osha kwa chumvi, usugue. Sufuria kubwa, maji baridi yaufunike, kitunguu, karoti, pilipili manga nzima, jani la bay kama unalo. Ukichemka punguza moto uwe mdogo kabisa. Wa ng'ombe ni saa tatu hadi nne, wa kondoo saa moja na nusu. Choma kwa ncha ya kisu, kikiingia bila kubishana umeiva. Kisha usiuache upoe, hapo ndipo wengi wanakosea. Utoe ungali moto, ushike kwa kitambaa, pasua ngozi chini upande wa mzizi na uvute kwenda kwenye ncha, inatoka nzima kama soksi. Ukipoa inang'ang'ania. Ukishamenya urudishe kwenye supu yake upoe humo, kata kesho. Na hiyo supu usimwage, weka dengu ndani.